Damu Inayolala

Nilipokuwa mtoto, kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kukoroga damu. Najua msomaji wa mbali atashtuka, lakini kwetu Turkana damu ya ng'ombe ni chakula. Ng'ombe anafungwa kamba shingoni mpaka mshipa unatuna, mzee anapiga mshale mfupi, damu inarukia kibuyuni, kamba inalegezwa, na ng'ombe anarudi zake malishoni. Kazi ya watoto ni kuikoroga na kijiti ikiwa bado ya moto, mpaka nyuzi zake zijizungushe kwenye kijiti na iliyobaki itulie kama maziwa. Ukizembea kidogo inaganda yote, na hapo ungeujua ukali wa Ata.

Ata ni bibi yangu, mama yake mama. Tuliishi naye pembeni mwa mji wa Kakuma, karibu na mto mkavu. Alikuwa mrefu, mkali, amejaa shanga mpaka kidevuni, na alikuwa na imani juu ya kila kitu chini ya jua. Nyingi zilihusu damu. Alisema damu ni kitu chenye uhai, inatembea na inalala, na ikilala ndani ya mtu, hapo ilipolala lazima kitu kife. Sisi watoto tulimwigiza na kucheka, lakini kwa mbali.

Mama alinizaa mimi bila shida. Baada yangu alipoteza mimba tatu. Mbili zilitoka zikiwa changa, ya tatu ilikuwa mtoto kamili wa kiume, aliyezaliwa kimya. Muda si mrefu mguu wa kushoto wa mama ukavimba, ukawa kama si wake. Tulipofika kwenye bomba la maji wanawake walikata mazungumzo. Walisema Mama Akiru, maana Akiru ni mimi, ana kitu tumboni kinachokula watoto, na mmoja wao akamwambia usoni aende kwa mwaguzi akaseme alichokifanya.  Mama alijitwika mtungi wake tukaondoka. Lakini nyumbani alikaa muda mrefu akiitazama mikono yake, na mimi nikajua kwamba ameyaamini maneno yale.

Ata ndiye aliyekataa. "Hakuna kitu kinamla mtu," alisema. "Damu yake inalala." Alimpaka mama udongo wa kinga tumboni na kifuani, kama alivyompaka katika kila mimba iliyotangulia, na hakuna aliyemsikiliza zaidi ya hapo.

Mwaka 2012 mama akashika mimba tena. Safari hii baba, aliyekuwa dereva wa lori, hakungoja tumbo lionekane. Alimpeleka hospitali Lodwar, na huko daktari mmoja, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, alimuuliza habari za mimba zote zilizopita, akautazama mguu, kisha akatoa damu na kuituma mbali ikapimwe. Jibu lilipokuja mama alipewa vidonge vidogo vya aspirini na sindano za kuchomwa tumboni kila siku mpaka ajifungue. Sindano zingehifadhiwa kwenye friji ya zahanati Kakuma, na Sista Rebeka, muuguzi aliyetoka pande za Kitale, ndiye angemchoma.

Siku ya kwanza tulikwenda sote. Ata alipoiona sindano alisimama kati ya mama na Sista, fimbo mkononi, akaokoteza Kiswahili chake cha sokoni.

"Hata ngombe ya mimba hatupigi mshale! Wewe nataka toboa toto yangu kila siku?"

Alisema kweli. Ng'ombe mwenye mimba hatolewi damu, hata njaa iwe kali vipi, na Ata hakujua kazi nyingine ya kitu chenye ncha kwenye mwili wa mwenye mimba. Mama alikuwa amekaa kitandani, gauni limepandishwa, anamtazama huyu, anamtazama yule. Niliogopa. Nilijua kwamba Ata akisema hapana, mama hatapinga, na tutarudi nyumbani kungoja mtoto mwingine afe.

"Shosho, mimi sitoi damu," Sista alisema. "Naweka dawa."

"Dawa ya nini?"

"Damu ya Mama Akiru inaganda haraka. Inaganda pale kwa kondo, pale mtoto anapata chakula yake. Njia inafungika, mtoto anakosa. Hii dawa inakataza damu isigande."

 Ata aligeuka akanitazama mimi, mkorogaji wake, kwa muda mrefu hadi nikadhani nimekosea kitu.

"Inakoroga?" akamuuliza Sista.

"Eeh," Sista akatabasamu. "Inakoroga."

Ata akateremsha fimbo. "Ejok," akasema, yaani ni vema. "Dunga."

Nywele zilinisimama siku ile, na hata sasa nikiandika zinataka kusimama. Kumbe ndani ya mama yangu kulikuwa na kibuyu kisicho na mtu wa kukikoroga! Kumbe damu ileile iliyofunga kidonda cha goti langu nilipoanguka ndiyo iliyowafungia ndugu zangu njia. Baadaye, ukubwani, nilijifunza jina refu la ugonjwa ule, antifosfolipidi, na jinsi mwili unavyojitengenezea silaha na kujigeuzia wenyewe. Nilijifunza pia kwamba ugonjwa huo hauponi, na mama anameza dawa hadi leo. Ata hakulijua jina hilo. Aliijua damu, lakini udongo wake haukuweza kuiamsha, na yeye mwenyewe alilikubali hilo bila kinyongo. Tangu siku ile alimwamsha mama kabla jua halijawa kali, "Twende ukakorogwe," na tumbo lilipojaa madoa ya bluu ya sindano alitaka kuyasugua na mafuta ya mbuzi. Sista alimkataza. Ata alitii, na sijui mtu mwingine ambaye Ata aliwahi kumtii.

Mwaka uliofuata, uchaguzi ulipokwisha na Lodwar nzima ikizungumza habari za kaunti mpya, tulikuwa huko tukingoja. Daktari aliamua mtoto atolewe mapema kidogo. Akatoka msichana mdogo sana, mwenye kelele nyingi sana. Ata, ambaye hakukosa la kusema maishani mwake, alikaa chini kwenye sakafu ya hospitali, akashika mdomo.

Daktari alipopita wodini, nilidhani mama atamuuliza juu ya mtoto aliyelala kifuani pake.

"Daktari," mama alisema, "wale watatu niliwafanya nini?"

Daktari akakaa kitandani. "Hukuwafanya kitu, mama. Ni damu ilikuwa inaganda."

"Hata kitu kidogo?"

"Hata kidogo."

Mama akalia. Alilia kwa sauti, akimwita mvulana wake kwa jina ambalo sikujua kwamba alikuwa amempa. Miaka yote ile sikuwahi kumwona akiwalilia, na nilidhani ni kwa sababu ana moyo mgumu. Leo mimi pia ni mama, na ninaelewa. Alikuwa akijiona hana haki ya kuwalilia.