Koti Nililosema Nimelirithi

Watu wa Makambako wanaonijua huniita Bwana Belo, na mpaka mwaka jana jina hilo nililipenda. Siku hizi mtu akiniita hivyo barabarani najifanya sijasikia, kwa sababu kuna nyumba moja kule Tandala, Makete, ambako nimeacha koti, nimeacha heshima na nimeacha mchumba, vyote siku moja, na chanzo chake ni pasi. Habari hii sijawahi kuisimulia yote. Nikifika katikati huwa nasema "basi tuyaache hayo", nanyanyuka nakwenda kunywa maji. Leo nitajikaza.

Mimi nafanya kazi kwenye duka la pembejeo, nauza mbegu na mbolea na dawa za mahindi, na mshahara wake mnaujua, lakini ukinikuta kanisani Jumapili utadhani mimi ndiye mwenye duka. Siri ni mtumba. Najua nani anafungua belo siku gani, najua kusimama karibu na kisu pale kamba inapokatwa, nikigeuza kola ya shati najua kama huko lilikotoka lilivaliwa miaka au mara mbili tu, na najua kuibeza nguo ninayoitaka (naishika kwa vidole viwili, nakunja pua, nairudisha kwenye fungu) mpaka muuzaji mwenyewe anaanza kunibembeleza. Nilijivunia sana ujuzi huu. Wengine wana digrii, mimi nilikuwa na huo.

Na nilikuwa na Tumaini. Alikuwa anasoma uuguzi Njombe mjini, binti wa Kikinga, mtaratibu, mwenye kicheko cha chini chini ambacho nilikuwa tayari kufanya ujinga wowote ili nikisikie. Tulikuwa na miaka miwili ya uchumba. Tungeshapeleka posa mapema ila baba yake alifariki, ikabidi tusubiri msiba upoe, na mama yake naye aliugua akalazwa hospitali ya Ikonda muda mrefu, tukasubiri tena. Kuhusu mambo ya nyumbani kwao Tumaini hakuwa msemaji. Aliniambia tu kwamba kaka mkubwa wa marehemu na mdogo wa marehemu hawaelewani tangu msiba, kwa sababu ya vitu vya marehemu, nami sikuuliza ni vitu gani. Nikadhani ni shamba.

Hatimaye tukapangiwa Jumamosi ya kupeleka posa, mwezi wa saba. Mnaijua baridi ya Makete mwezi wa saba. Nikasema siendi kwa wakwe na jaketi la mvua la dukani lenye picha ya mahindi mgongoni. Nikazunguka Makambako wiki nzima sikupata koti la maana, nikapanda gari mpaka Njombe, kwa mama mmoja anayeuza makoti ambaye tumezoeana, Mama Neema. Kwenye meza yake hapakuwa na kitu. Alipoona nimenyong'onyea akaingia nyuma ya turubai akatoka na koti moja refu, la sufu, jeusi la kuelekea kijivu, zito, bitana yote nzima, na ndani kuna mfuko wa ziada ulioshonwa kwa kitenge cha njano. Nikalivaa. Jamani, mabega yalikaa utadhani fundi alinipima nikiwa nimelala.

"Hili sikufichi, halikutoka kwenye belo," akasema Mama Neema. "Mwaka jana kuna binti wa Kikinga aliniletea, mwanachuo wa uuguzi, ana shida zake. Nikamchukulia mume wangu, sasa amenenepa, halifungi. Nipe chochote."

Chochote nilichompa naona aibu kukitaja. Sikufikiri habari za binti hata kidogo. Niliposikia "nipe chochote" masikio yangu yalifunga kazi.

Sasa pasi. Ijumaa jioni napiga pasi shati langu jeupe, pasi ya mkaa, jirani akaniita dirishani kuniuliza bei ya mbegu za viazi, nikamjibu kwa kirefu (mimi nikiulizwa mambo ya dukani huwa sijui kufupisha), niliporudi mgongo wa shati ulikuwa na tundu lenye umbo kamili la pasi, mpaka na ile ncha yake ya mbele. Kola nzima. Kifua kizima. Nikakaa kitandani nikatafakari, kisha nikafanya uamuzi ule mdogo ulioniharibia maisha: nikajiambia, Makete mwezi wa saba nani anavua koti? Nikalivaa shati lile hivyo hivyo, koti juu, nikajitazama kwenye kioo, nikamwona mkwe wa kueleweka.

Mshenga wangu alikuwa mjomba Edwin, mtu wa maneno mazuri, ambaye njia nzima alirudia hotuba yake kwa sauti ya chini. Tulifika kama saa nne, ukungu bado haujaondoka, tukapokelewa vizuri kwa salamu za kwao, kamwene, kamwene, tukaingizwa sebuleni. Kulikuwa na jiko la mkaa katikati na watu wapata kumi na wawili wameketi kuzunguka kuta. Kaka wa marehemu, Baba Mkubwa Yoram, alikuwa kwenye kiti cha mbele, mdogo wao Baba Mdogo Aloni kwenye kiti cha mbali kabisa, na hawakutazamana. Wote wawili walinitazama mimi. Walinitazama kuanzia kola mpaka pindo, wakarudia. Nikasema moyoni, Festo, koti limefanya kazi.

Tumaini akaingia na chupa ya chai. Aliponiona akasimama. Chupa ikainama kidogo mkononi, nami (hapa ndipo ninapotaka ardhi ipasuke kila nikikumbuka) nikamtabasamia, nikajiweka vizuri ili aone na upande wa pembeni. Alipofika kunimiminia chai akainama karibu na sikio langu akasema polepole, "Hilo koti livue, nikakutundikie chumbani."

"Nipo sawa," nikasema.

"Festo, livue. Humu kuna joto."

Hakukuwa na joto. Mvuke ulikuwa unatutoka midomoni. Nikaona ni adabu tu za mwenyeji, nikakumbuka tundu la pasi mgongoni, nikakumbatia koti kwa mikono miwili nikamwambia mimi nasikia baridi sana kwa asili. Akanitazama mara moja tu. Yale macho niliyaelewa baadaye, wakati hayana tena faida.

Mjomba Edwin akasimama akatoa hotuba yake, akataja ukoo wetu, akaeleza kwamba baba yangu yuko Wanging'ombe, ni mzima ila miguu inamsumbua, anawasalimu sana na anaomba radhi kutofika. Watu wakaitikia. Baba Mkubwa Yoram akaitikia pia, halafu badala ya kuuliza tumekuja kwa jambo gani, kama ilivyo desturi, akanigeukia.

"Kijana, koti lako zuri. Umelitoa wapi?"

Hapo ningesema mtumbani. Neno moja, na nusu ya sebule ile ilikuwa imevaa mtumba, na mimi mwenyewe ni Bwana Belo. Lakini ukiwa umekaa mbele ya wakwe, na koti umelipata kwa bei ndogo kuliko jogoo tuliyekuja naye, ulimi unatafuta neno kubwa. Wangu ukalipata.

"Nimelirithi, mzee."

Nyumba nyingine wangenisifu. Mle ndani nilikuwa nimetaja neno ambalo lilikuwa limewatenganisha ndugu wawili mwaka mzima.

"Umelirithi," akasema Baba Mkubwa. "Kwa nani?"

"Kwa baba."

Mjomba Edwin akakohoa.

"Baba huyu aliyetusalimia sasa hivi?"

Nikasema ndiyo, nikasema hapana, nikasema kwetu mtu anaweza kurithi mwenye mali akiwa hai, na kila nilivyoendelea ndivyo mjomba wangu alivyozidi kuinama, mpaka nikawa naona kisogo chake tu. Baba Mkubwa akaagiza aitwe mama mwenye nyumba. Akaja mama yake Tumaini, mwembamba, bado ana unyonge wa ugonjwa, akaanza kunisalimia, "Karibu mwanangu," halafu akakatisha. Hakuligusa koti. Alisema tu, kama anayejisemea mwenyewe, "Ndani kushoto kuna mfuko wa kitenge cha njano. Niliushona mimi, alikuwa anaweka kitabu chake cha nyimbo."

Baba Mdogo Aloni akanyanyuka akafungua koti langu kwa mkono wake. Njano ikaonekana.

Ikafahamika basi, kila mtu akisema kipande chake, kwamba koti lile lilikuwa la marehemu, kwamba siku ya kugawa nguo zake halikuonekana, kwamba Aloni alisema Yoram kalificha na Yoram akasema Aloni kaliuza, na tangu siku hiyo hawajala sahani moja. Na sasa limeingia mlangoni na miguu, limevaliwa na mwoaji. Nikaambiwa livuliwe. Nilivua, ningefanyaje, na nilipogeuka kumkabidhi mama mwenye nyumba nikawapa watu mgongo wangu. Nilisikia mtoto akiuliza kwa nini shati la mgeni lina pasi. Walionihurumia ndio walioniumiza zaidi, maana wangecheka ningeweza kucheka nao.

Ingeishia hapo, leo ningekuwa na mke. Watu huoa na aibu zao. Lakini Aloni akauliza, sauti imetulia kabisa, kama mimi nimeliiba au nimelipokea kwa mwizi, na neno mwizi kwenye nyumba ya wakwe, nikiwa mgongo wazi, likanimaliza. Nikawa nashika chochote kilichokuwa karibu.

"Nimelinunua mtumbani, Njombe," nikasema, "na muuzaji yupo, mkitaka twende sasa hivi. Hata aliyemuuzia alinitajia. Ni binti wa Kikinga, mwanachuo wa uuguzi."

Nilikuwa nimemaliza sentensi nzima, na kuipumulia, kabla sijaisikia. Katika nyumba ile mwanachuo wa uuguzi alikuwa mmoja, na alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe.

Tumaini hakukana. Akaweka sinia chini taratibu, akawaangalia baba zake wale wawili.

"Mama alikuwa wodini Ikonda hana blanketi la pili wala chakula cha kumpa nguvu," akasema, "na ninyi mlikuwa hapa mnapimana mabega nani linamtosha. Nikalichukua."

Mama yake akakaa chini na koti mapajani. Hakuwa anajua. Alikula chakula kile, alijifunika blanketi lile, na hakuna siku aliyouliza vimetoka wapi. Alianza kulia bila sauti, na mimi nilitamani aliyekuwa analia awe mimi.

Baba Mkubwa Yoram na Baba Mdogo Aloni wakatazamana kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Lililowapatanisha ni hasira. Tumaini akaambiwa aende ndani, wao watamwita. Kisha Baba Mkubwa akamgeukia mjomba wangu, kwa heshima kabisa, akasema, "Mwambie ndugu yetu wa Wanging'ombe tumepokea salamu zake. Posa hatujaikataa. Hatukuisikia." Jogoo wetu tulirudishiwa.

Mjomba Edwin alinivua aibu ya njiani kwa kunipa sweta lake, akakaa na shati hadi Njombe, na hakunisema hata neno. Nilikuwa naomba aniseme.

Tumaini alinipigia baada ya wiki mbili, mchana, niko dukani napima mbolea. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha, marefu, hakuniruhusu niyaanze. Akaniambia walimweka kikao siku tatu, kwamba hatakwenda nyumbani kwa muda, kwamba mama yake anazungumza naye lakini hamwangalii usoni. Nikamwambia sikujua. Akasema anajua kuwa sikujua.

"Mimi nilipokuona umeingia nalo," akasema, "nikasema basi, nitanyamaza, nitaolewa, nitalifua na kulianika koti la baba mpaka nizeeke, wala hutajua. Nilikuwa nimekubali. Wewe waliposema mwizi tu, ukanitoa mimi."

Nikasema Tumaini nisikilize. Simu ilikuwa imeshakatwa. Mteja akaniuliza kama namba imegoma, nikamwambia ndiyo, mtandao.

Bado nanunua mtumba, siwezi kudanganya, mshahara ni ule ule. Ila nimejiapia jambo moja. Mtu akiniuliza nguo nimeitoa wapi nitasema mtumbani, hata hajamaliza swali, na akiuliza ni nani aliyeiuza, simjui. Hata kama namjua, simjui.