Mama Zawadi Akataa Kugeuzwa

Usiku ule sikula kitu kizito, nilikunywa uji tu. Nasema mapema, maana mzee akisimulia ndoto watu hudhani alivimbiwa. Kilichoninyima raha ni kitabu. Asubuhi binti yangu Zawadi alitakiwa akipeleke kwa mchapaji, na kitabu kikishachapwa ndiyo basi tena.

Ni kitabu cha picha zangu. Mimi nimepiga picha hapa Korogwe tangu enzi za mkanda. Maharusi, watu wa paspoti, watoto wa ubatizo, wote wamepita mbele ya pazia langu lililochorwa ndege. Fundi aliyeichora ile ndege alisahau matairi, lakini hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Basi hizo zilikuwa picha za kutafutia ugali. Za kwangu mwenyewe nilizipiga kwa vipande vya mwisho vya mkanda, nyumbani, sokoni, popote pale. Na sharti langu lilikuwa moja: usinitazame. Endelea na kazi yako, jifanye sipo. Mtu akitazama kamera huvaa uso wa kupokelea wageni, na uso huo mimi sikuutaka.

Zawadi ndiye aliyesema tuzikusanye. Tukazitandaza sakafuni, tukavutana wee, yeye anataka chache, mimi nataka zote. Kwenye kurasa za katikati nikamweka mama yake, marehemu mke wangu, upande wa kushoto. Amekaa jikoni kwenye kigoda, anachambua mchele. Upande wa kulia nikajiweka mimi, picha niliyojipiga kwa kamera ya kujifyatua yenyewe, nimegeukia kwake. Ndoa nzima hatuna picha ya pamoja. Tungepigwa na nani, na mpiga picha ni mimi? Nikataka angalau kitabuni tutazamane. Tatizo, kwenye ile picha yeye anatazama pembeni, nje ya ukurasa.

Zawadi akacheka. "Hilo tu, baba? Namgeuza kwenye kompyuta, kama mtu aliye kwenye kioo. Hakuna atakayejua."

Akabonyeza, mama yake akanigeukia. Nilifurahi, sitaki kudanganya. Nikaenda kulala.

Basi nikajiona nimo kwenye chumba cha giza cha studio, ile taa nyekundu inawaka, natikisa karatasi kwenye beseni la dawa. Uso ukaanza kujitokeza, uso wa Mama Zawadi. Nikatia mkono niutoe, na beseni si beseni tena, ni sinia la wali. Nimekaa mkekani nyumbani, na yeye yuko mbele yangu, mzima kabisa, ananipakulia. Ananipakulia kwa mkono wa kushoto.

Nilishtuka. Mwanamke yule, mtoto akipokea hata kikombe cha maji kwa kushoto, alikuwa akimpiga kofi la kiganjani. Nikamwangalia vizuri. Baka lake la kuungua, la shavu la kushoto, limehamia kulia. Maandishi ya kanga yake yanakwenda kinyumenyume. Mimi shule niliishia darasa la tatu, kanga huwa nazisoma kwa kuzivizia, lakini ile ilinishinda kabisa.

"Mama Zawadi, mkono huo vipi?"

"Muulize aliyenipa."

Nainuka. Mlango uko palipokuwa na dirisha. Nazunguka nyumbani kwangu kama mwizi aliyekosea nyumba, nakwenda kona hii, naja kona ile, na macho yake hayaniachi. Hapepesi. Si ndicho nilichokitaka, anitazame? Sasa natafuta pa kujificha.

"Mke wangu, hebu tazama na kwingine."

"Siwezi. Umenikaza shingo."

Nikamuuliza jambo ambalo nilishindwa kumuuliza akiwa hai: siku ile nilipokupiga picha, ulikuwa unatazama nini? Akacheka kile kicheko chake cha puani.

"Maharage. Yalikuwa yanaungua, na wewe umesema nisinyanyuke."

Jamani! Na watu wameisifu picha ile kwa mawazo mazito. Mimi mwenyewe nimeisifu.

Sasa tuko studio, mbele ya ile ndege. Amekaa kwenye kiti cha wateja, anajaribu kufunga kanga yake, vidole vinapishana, fundo halikai. Anafunga, linafunguka. Anafunga tena. Nataka kumsaidia, lakini kila nikisogea mbele najikuta nimerudi nyuma. Ndipo akasema, na safari hii hacheki:

"Baba Zawadi, maisha yangu yote uliniambia, usinitazame. Nikakutii. Leo nimekufa ndiyo unataka nikutazame kwa nguvu? Nirudishe. Mimi shughuli yangu ilikuwa kule."

Akanyoosha mkono anionyeshe, mkono ukaenda upande mwingine. Akautazama ule mkono wake kama wa mtu mwingine, na machozi yakamtoka.

Niliamka shati limelowa. Kumekucha, Zawadi yuko mlangoni, viatu mguuni, mkoba begani.

"Zawadi, mwanangu, mrudishe mama yako."

"Nimrudishe wapi, baba?" Nadhani aliona nimechanganyikiwa.

"Kwenye kompyuta. Mrudishe alivyokuwa."

Akanitazama kidogo, akatua mkoba, akakaa. Picha ilipofunguka akashika shavu. "Lakini baba, nikimrudisha atakupa kisogo. Utakuwa unamtazama peke yako, na mwenzio hana habari."

"Ehee," nikamwambia. "Ndivyo tulivyoishi. Bonyeza."

Akabonyeza. Mama Zawadi akaniacha, akarudi jikoni kwake, na mimi nikabaki namtazama.