Mbegu za Mapera

Mtoto anayenyonya hali mapera. Mtu hahitaji digrii kujua hilo, na mimi nilikuwa nayo, imehifadhiwa katika bahasha ya plastiki nyumbani kwetu Kasese. Lakini asubuhi ile, katika chumba tulichokodi nyuma ya duka la mbolea hapo Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, nilikuwa nimeshika kichujio kidogo, na juu yake, katika choo kilichotoka kwenye kikopo cha mtoto ambaye hata jino hajaota, kulikuwa na mbegu za mapera. Zilikuwa ngumu, zimekwama kwenye wavu kama zilivyokwama katika kila kichujio nilichotumia tangu nianze kazi siku hiyo.

Nilikaa chini.

Kwanza niliwaza kwamba kosa ni langu. Ndivyo kichwa changu kilivyo. Umeme ukikatika mtaa mzima, nawaza ni kitu gani nimegusa. Nilikuwa nimekwisha kuosha vichujio upya kwa sabuni, nimevitupa nilivyovishuku, nimefungua pakiti mpya na kurudia tangu mwanzo, na mbegu zikarudi. Sasa kikopo hiki cha mtoto mchanga, kilichofika kwangu kimefungwa na kubandikwa namba, kiliniambia jambo ambalo sikutaka kulisikia. Choo kile hakikuwa cha mtoto. Na kama hakikuwa cha mtoto, basi vile vingine vilikuwa vya nani?

Utafiti wetu ulikuwa rahisi kueleza. Kichocho cha tumbo ni ugonjwa wa ziwani. Mdudu wake hukulia ndani ya konokono wa majini, hutoka, hupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini kuoga au kuvuta nyavu, kisha huhamia katika mishipa ya tumbo na kutaga mayai kwa miaka. Watu wa Kahendero, kwenye Ziwa George, wanamjua. Sisi tulitaka kujua kama askari waliowahi kulinda ziwa, kisha wakahamishiwa kambi ya jeshi huku mpakani pamoja na familia zao, wamekuja naye, na kama ameanza kuenea katika mto wetu.

Mimi nilichukuliwa kwa sababu ya Kiswahili. Baba ni Mkenya, alikuja Kasese kufanya kazi katika kiwanda cha saruji, na nyumbani tulikua na Kiswahili chake. Kambini watu wametoka kila pembe ya Uganda, na lugha inayowakutanisha ni hiyohiyo, ingawa kila mmoja anaisema anavyoweza. Baba aliposikia kazi yenyewe ni nini, aliuliza kwa upole kama miaka yote ile ya chuo ilikuwa ya kwenda kufungasha choo cha watu. Mama hakuuliza kitu. Alinitengea beseni langu la kunawia na akaacha kuniita jikoni.

Siku ya kugawa vikopo, familia zilipangwa mbele ya vile vibanda vya mabati vya duara wanamoishi. Msimamizi wa nyumba za familia alikuwa sajini mwenye mikono myembamba na tumbo kubwa lililobana vifungo vya sare. Tumbo hilo lilikuwa mzaha wa kambi, na mzaha huo alianzisha yeye mwenyewe, akisema amekunywa bia zote za mpakani ili Wakongo wasizimalize. Mfukoni alikuwa na mapera, na alikula moja baada ya jingine huku akitoa amri.

Nilianza kuwasomea maneno ya ridhaa, kwamba kushiriki ni hiari na mtu anaweza kukataa bila kuulizwa sababu. Sikufika mbali.

"Wamekubali," alisema afande. Akawageukia. "Kila mutu na kikopo yake. Kesho mbele ya paredi irudi imejaa. Kikopo tupu ni kukataa amri."

Hakuna aliyecheka. Nilimuuliza yeye tumpe namba gani. Alisema yeye anasimamia, hapimwi, akauma pera.

Usiku ule nilikesha nikiwaza lile neno hiari. Je, nimsimulie mkubwa wangu? Je, ridhaa iliyotolewa na sajini kwa niaba ya watu wazima ni ridhaa? Kulipopambazuka, vikopo vilirudi vyote. Aliyewahi kufanya kazi hii anajua kwamba havirudi vyote hata siku moja. Kuna aliyesahau, kuna aliyeona haya, kuna ambaye tumbo limegoma. Mkubwa wangu, daktari mtafiti kutoka Kampala, alifurahi mpaka akayapiga picha masanduku. Akasema laiti kila kijiji kingekuwa na nidhamu ya kambi.

Kisha nikaanza kuangalia kwenye hadubini. Yai la kichocho cha tumbo lina mwiba ubavuni, huwezi kulikosea. Kwa mtu wa mbali na ziwa ningetarajia kukosa kabisa, au kuona moja hapa na moja pale. Niliyaona yamejaa. Nikabadilisha kioo, yamejaa. Familia ambayo haijawahi kufika ziwani, yamejaa. Katika vikopo vingi kulikuwa na damu. Daktari aliangalia vichache, akainuka akiwa amebadilika sura. Akasema kama watoto wa kambi wameambukizwa hivi, basi wameambukizwa hapahapa, mtoni, na ni lazima wilaya iambiwe iufunge mto. Alichukua gari akaenda Kasese kuwaona. Alipokuwa njiani ndipo mimi nikafika kwenye kikopo cha mtoto.

Sikumpigia simu. Niliona nisimwambie daktari mzima kwamba mambo yake si kweli kabla sijajua ukweli ni upi. Nilivua glavu, nikanawa mpaka viwiko, nikaenda kambini kwa miguu.

Mama wa yule mtoto alikuwa anachambua maharage pamoja na majirani. Nilimuuliza polepole kuhusu kikopo cha mwanawe. Aliangalia wenzake, nao wakaanza kucheka, mmoja hadi akajifuta machozi. Hawakuona kama wamefanya jambo baya. Mtoto alikataa kutoa, mama yake alisema, na amri ni amri. Basi aliomba kwa jirani, kama mtu anavyoomba chumvi. Mwenzake akasema hata yeye aliomba, maana mumewe alikuwa zamu. Wa tatu akasema yeye tumbo lake ni la kwenda mara moja kwa wiki, na afande hawezi kungoja wiki.

"Musawo, tulikujazia vizuri," alisema huyo wa tatu, na Musawo ndiyo namna wanavyomwita kila mtu wa hospitali hapa. "Au ilipungua?"

Wakacheka tena. Nilikuwa nimeambiwa kwa kicheko, na mbegu zilezile katika kila kikopo zikathibitisha, kwamba kambi yote ilituletea choo cha mtu mmoja. Kwa muda mfupi nilihisi nafuu, sikatai, kwa sababu maana yake ilikuwa watoto wao ni wazima na mto ni salama. Halafu wazo la pili likanifikia. Yale mayai yote yalikuwa ya mtu. Ile damu yote ilikuwa ya mtu.

Niliwauliza waliomba kwa nani.

Kicheko kiliisha. Mmoja akainama kutafuta mawe katika maharage ambayo alikuwa ameshayachambua. Niliwaambia hakuna atakayeadhibiwa. Niliwaambia pia nililojua, kwamba mtu mwenye mayai mengi hivyo, ini lake huziba, tumbo hujaa maji, na siku moja mshipa hupasuka ndani ya koo akatapika damu kabla hajafika hospitali. Nilisema huyo mtu anaweza kufa na bado tuna nafasi ya kumwokoa. Waliangalia chini, wote, na hapo niliona kwamba wanamjua.

Nilitoka. Nilikuwa nimefika barabarani, malori ya kwenda kituo cha mpaka cha Mpondwe yakipita, niliposikia mtu ananiita. Alikuwa mke wa afande. Nilimfahamu kwa kumwona tu, mwanamke mrefu mkimya kutoka kaskazini. Alikuwa na mfuko wa mapera, na alinipa kana kwamba hilo ndilo lililomleta.

Niliuangalia ule mfuko, nikakumbuka mapera ya mfukoni mwa afande.

"Anakula ili tumbo ifunge," alisema. "Haifungi."

Kisha akanieleza, bila kuinua macho. Mumewe alikaa Kahendero muda mrefu, akikamata nyavu haramu, mchana kutwa majini. Alianza kutoa damu hukohuko. Hataki kwenda chooni watu wakamwona akirudi mara kwa mara, kwa hiyo anatumia ndoo ndani ya nyumba, na mkewe huimwaga alfajiri. Jina lake limo katika orodha ya watakaokwenda nje kulinda amani. Wakubwa wake wakijua ni mgonjwa, watalikata. Amemkataza kumwambia mtu yeyote. Na lile tumbo la bia ni uongo, maana mumewe ameokoka na pombe hagusi.

Nilimuuliza kwa nini basi aliwapa majirani.

"Walikuja kuomba. Mimi siwezi kuvunja neno ya bwana yangu. Lakini amri ilikua yake, ati ijae." Alingoja lori lipite. "Nilitaka ile mashine yenu ione. Isione yeye. Ione tu ugonjwa."

"Mama, imeona," nilisema.

Alitikisa kichwa kukubali, akaniomba nisimtaje, akarudi kambini. Nilibaki nimesimama na mapera yangu. Nilikuwa nimejifunza chuoni kwamba sampuli zinaweza kuchafuka, kubadilishana, kupotea. Hakuna aliyeniambia kwamba mwanamke anaweza kuzitumia zote, kikopo baada ya kikopo, kupiga kelele bila kufungua mdomo.

Daktari aliporudi jioni nilimweleza kuhusu kuombana, na jina sikulitaja. Alinisikiliza amesimama. Kisha akakaa kwenye sanduku la vioo, mtu ambaye sikuwahi kumwona akikaa bila kupangusa kiti, akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nilimwonyesha mbegu katika kikopo cha mtoto. Aliwapigia watu wa wilaya kuwaambia wasiufunge mto. Akasema vikopo vyote vitupwe, tuanze upya, safari hii nyumba kwa nyumba na bila afande.

Ilikuwa sahihi kabisa. Ndiyo sababu niliogopa. Tukianza upya kwa hiari ya kweli, yule mtu mmoja angekataa kwa hiari ya kweli, na angepotea. Niligeuza jambo hilo kichwani kila upande. Nikimtaja, namsaliti mkewe. Nisipomtaja, nangoja atapike damu. Mwishowe nilisema kitu kidogo, kwamba waliowahi kukaa ziwani wanastahili dawa hata bila kupimwa, na yule tunayemtafuta lazima atakuwa mmoja wao. Daktari aliniangalia sana. Nadhani alijua kwamba najua. Akasema sawa, tuwape dawa kwanza.

Wanawake walipika uji, kwa sababu dawa ile haimezwi na mtu mwenye njaa. Tulisimamisha mti wa kupimia, ule wenye alama zinazoonyesha mtu wa urefu fulani ameze vidonge vingapi. Nilimwambia afande atangulie ili watu wasiogope. Nilisema kwa sauti, mbele ya wote, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwamuru mtu mwenye sare.

Alikuja. Alisimama na mgongo kwenye mti, akanyooka kama askari anavyonyooka, na tumbo likatokeza mbele yangu, gumu, limevutika, mshipa umejichora juu ya kitovu pale kifungo kilipoachana. Nilikuwa nimelitazama tumbo hilo likichekwa. Nilihesabu vidonge, nikampa.

"Hii ni ya watu wote?" aliuliza.

"Ya wote mliokuwa ziwani, afande."

Alimeza kimoja kimoja, uso umekunjwa kwa uchungu wa dawa. Kwenye sufuria ya uji mkewe aliendelea kukoroga bila kutugeukia. Afande alirudisha kikombe, lakini hakuondoka. Aliinama kidogo, na sauti iliyotoka haikuwa ile ya paredi.

"Wale wanawake wanasema kuna mutu mumoja ya damu. Huyo, hii dawa inamutosha?"

"Haimtoshi," nilisema. "Inaua wadudu tu. Aende hospitali wamwangalie ini na koo, na asichelewe. Kuna watu wanaotibiwa wakarudi kazini. Asipokwenda, hakuna kazi atakayorudia."

Alitazama mstari uliokuwa ukingoja nyuma yake, watoto wengi, akina mama, vijana wa zamu.

"Andikia yeye hiyo hospitali. Andika kubwa, macho yake si mazuri."

Nilirarua kipande cha boksi la dawa, nikaandika mahali pa kwenda na siku ya kliniki. Alikisoma taratibu, midomo ikicheza. Akatoa mapera mfukoni, akampa mtoto wa kwanza katika mstari, na kile kipande akakikunja na kukiweka mfukoni humo.

"Nitamwambia," alisema.

Kisha akageuka, akavuta pumzi, na kambi nzima ikamsikia akiwaamuru wasogee.