Uzi Usiozidi Mkono

Usiku ule usingizi ulinikuta mezani, macho yakiniwaka, shingo imekufa ganzi, nami sina hamu tena hata ya kumlaumu mtu. Barua pepe tuliyowatumia wanafunzi waliopata ufadhili iliwafikia imevurugika, na kiungo cha kuthibitisha nafasi hakifunguki. Neema, mmoja wao, alinipigia jioni akilia. "Dada, nabonyeza, hakuna kitu. Na mwisho si kesho saa sita mchana?" Nikamwambia asiwe na wasiwasi, na wasiwasi wote ukabaki kwangu. Kabla ya kutuma, mbona kila kitu kilikuwa sawa? Nilikagua mpaka nikachoka kuchoka.

Basi usingizini nikamwona Bibi, mama yake baba, aliyekwishatangulia mbele ya haki. Alikuwa amekaa kwenye kiti changu cha ofisini, miguu haifiki chini, anashona kofia kwa mkono kama alivyozoea. Mara si ofisini tena, ni ukumbini kwake, na kompyuta yangu iko juu ya jamvi. Ndani yake unatoka uzi mweupe, unatoka tu, unapita mlangoni unakwenda zake. Nauvuta, hauishi. Najua, bila kuambiwa, kwamba ule ni msimbo wa barua yetu, yale maandishi ya kompyuta yanayoipanga, ambao programu ya ofisini huuandika wote kwa mstari mmoja.

"Mke mwenzangu," ananiita, utani wake kwangu tangu niko mdogo. "Uzi gani huo? Unashona kofia au unafunga ng'ombe?"

Nataka kucheka, nguvu sina. "Bibi, nimechoka."

"Nakuona." Ananyoosha uzi kutoka kidoleni hadi begani, kipimo chake cha siku zote, anaukata kwa meno. "Usipoukata wewe, atakukatia mwingine. Na huyo hajui nakshi inaishia wapi."

Nageuka. Mlangoni pana mkono nisioujua, umeshika mkasi, unaukata uzi wangu katikati ya nakshi. Napiga kelele.

Nikaamka, kumekucha. Yarabi, kumbe ndiyo hiyo! Seva, mitambo inayosafirisha barua pepe, zina kikomo cha urefu wa mstari. Ukizidi, zinaukata popote pale, na wetu umekatwa katikati ya kiungo. Nikaufungua msimbo, nikaukata mwenyewe, mistari mifupi mifupi, kila mmoja unaishia mahali pasipoharibu kitu. Nikamtumia Neema kwanza.

Simu ikalia hata uso sijanawa. "Dada, kimefunguka! Nimeshathibitisha!"

Nikawatumia wenzake wote. Kisha nikakaa palepale nikalia, kwa uchovu, na kwa kumkumbuka Bibi kwa namna ambayo sikumkumbuka hata siku ya kumzika.

"Nimepima, mke mwenzangu," nikakiambia kiti nilichokalia, kile alichokikalia yeye ndotoni. "Lala sasa."