Kondoo Juu, Chakula Chini

Usiku ule ulikuwa mchana, kusema kweli. Mzazi wa siku kumi na saba hana usiku. Mapazia yalikuwa yamefungwa tangu nijifungue, mama akiingia na kutoka na mabakuli ya mtori wa ndizi, nami nikila kwa sababu bakuli limewekwa mbele yangu. Mtoto alikuwa amelala pembeni. Nilimtazama kama unavyomtazama mtoto wa mtu kwenye foleni ya benki. Sikumchukia, jamani. Sikusikia kitu, basi. Asubuhi ile nilikuwa nimempigia dada yangu Anande, ambaye hakujaliwa mtoto, nikamwambia aje kesho amchukue akamlee yeye, maana mimi moyo sina. Halafu nikasinzia.

Akaingia Mwalimu Kimaro, aliyenifundisha Kichina chuoni, ambaye tulimzika mwaka juzi. Hakubisha hodi. Amevaa shati lake la kijivu, chaki imemjaa mikononi, na mara chumba si chumba tena, ni darasa letu. Kitanda changu kiko katikati ya madawati. Kondoo ambaye baba mkwe alimleta achinjwe kwa ajili ya uzazi amefungwa kwenye mguu wa meza. Wala sishangai. Ninachoonea aibu ni kuja darasani na kanga.

Anafungua daftari langu la mwaka wa pili. Siku ile tulitakiwa kuandika neno la kulea, ambalo kwa Kichina ni alama mbili: juu kondoo, chini chakula. Mimi nikaongeza na alama ya moyo, chini kabisa, nukta zake tatu zote, kwa kuwa niliona haiwezekani watu wazima waandike kulea wasahau moyo. Mwalimu aliikata kwa wino mwekundu. Darasa zima lilicheka, nikamnunia wiki nzima.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Uliongeza kitu, Neema."

Anageukia ubao. Anachora kama Wachina wa kale walivyochonga maandishi kwenye mifupa: kondoo, na kando yake mkono umeshika fimbo. Mchungaji tu. Kisha anafuta fimbo, anafuta mkono, na chini ya kondoo anaweka chombo cha chakula chenye mfuniko. Karne na karne zinapita hapo ubaoni, chaki inalia, nami nasubiri moyo utokee. Hautokei.

"Kupenda kuna moyo," nasema. "Uko katikati kabisa. Ulitufundisha mwenyewe."

"Kupenda, ndiyo. Hili ni neno lingine. Wanalitumia kwa mtoto, wanalitumia kwa mzazi aliyezeeka, wanalitumia kwa mifugo, hata kwa mgonjwa anayejiuguza."

"Na asiyesikia kitu, je?"

Anapangusa mikono kwenye suruali, taratibu, kidole kimoja kimoja. Hana haraka. Marehemu hata alipokuwa hai hakuwa na haraka.

"Analisha," anasema.

Darasa limekuwa jiko la mama, mvuke umejaa, simwoni tena Mwalimu. Kondoo analia. Sauti inazidi kuwa nyembamba, inazidi kuwa karibu na sikio langu, na si kondoo, ni mtoto.

Nilikuwa macho. Mama alishafika mlangoni na chupa ya maziwa ya kopo, kwa kuwa siku zote zile yeye ndiye aliyekuwa akimnywesha. Nikamwambia aache. Nikamwinua mtoto, nikamweka kifuani. Akahangaika, akakosa, akashika. Iliuma. Nilingoja nisikie kile ambacho wenzangu husema wanasikia, na sitadanganya, hakikuja. Alinyonya mpaka mikono ikamlegea.

"Mpigie dada," nikasema. "Mwambie asije kumchukua."

Mama akakaa ukingoni mwa kitanda, chupa bado mkononi.

"Umeanza kumpenda, mwanangu?"

"Bado, mama. Alikuwa na njaa."