Jina Ndani ya Barafu

Kwaa! Barafu ilipasuka ndani ya maji ya moto, mlio mmoja tu, mkavu, kama mfupa wa kuku unaovunjwa na mtu mwenye njaa. Arletha Pruitt aliusikia akiwa bafuni, anajifunga kitambaa kichwani, asubuhi moja ya mwezi wa Februari. Akajua mama anajitengenezea chai. Bi Mozelle alikunywa chai ya barafu hata baridi ikiuma, na sukari aliyotia ingewatosha nyuki wa mzinga mzima. Arletha akamaliza kufunga kitambaa, akambusu mama yake shavuni, akatoka kwenda kuwasha basi la shule.

Akausahau. Mlio ule ulikuja kumrudia mwezi wa Aprili, amesimama mbele ya friza akitafuta bamia.

Kadi yenyewe ilikuwa kitu kidogo. Ni ile wanayopewa watu ambao benki hazijawaamini bado: unaweka kwanza fedha zako kama dhamana, zinafungiwa, kisha unakopeshwa kiasi kilekile ulichoweka, ili uonyeshe kwamba unajua kulipa. Arletha aliichukua akiwa na miaka thelathini na nne, umri ambao wenzake walikuwa wamekwishakopa nyumba na wengine wamekwishazipoteza. Mama mmoja aliyefundisha darasa la fedha pale kanisani aliwaonyesha namna ya kuuzuia mkono. Kadi uitie kwenye kopo la siagi, ujaze maji, uilaze ndani ya friza. Ukishikwa na tamaa ya kununua itabidi usubiri barafu iyeyuke, na tamaa nyingi hazina subira hiyo. Nusu ya akina mama wa kanisa walikuwa na kadi zilizoganda, zimelala kati ya mifupa ya supu na mifuko ya mboga.

Arletha aliilaza yake kifudifudi, jina chini, lisije likawa linamwita kila anapofungua friza. Namba alikuwa amekwishawapa kampuni ya simu, nao wakajichotea malipo kila mwezi, na kila mwezi fedha zilezile zikatoka kwenye mshahara wake kwenda benki, zenyewe, bila yeye kugusa kitu. Kimya kimya, miaka saba, jina lake likapata uzito.

Sasa alitaka nyumba. Si kubwa. Ni ileile waliyokuwa wamepanga yeye na mama yake, hapo mjini Macon, mitaa michache kutoka mtoni, yenye varanda iliyoinama upande mmoja kama mtu anayesikiliza. Mwenye nyumba alikubali kumuuzia. Afisa wa mikopo akampa miadi ya baada ya Pasaka, akamsihi asivuruge kitu hadi siku hiyo. Benki nayo, kumwona amesimama wima, ikampa kadi nyingine, ya watu wazima, isiyodai dhamana wala ada ya mwaka. Ndipo likazuka suala la ile ya zamani. Aifunge arudishiwe fedha zake, au aiache?

"Usiifunge, shoga," aliambiwa na Claudine Beasley, dereva mwenzake, walipokuwa wanasubiri kengele ya shule, mabasi yao yakiwa ubavu kwa ubavu na madirisha wazi. "Kadi ya kwanza ni kama mume wa kwanza. Humtaki, lakini mambo yako yote yalianzia kwake."

"Mume wa kwanza nilimfungia mlango."

"Na uone ulivyokonda."

"Nimekonda wapi, Claudine? Hiki kiti kinalia kila nikikaa."

Claudine alicheka hadi akapiga honi bila kutaka, na mwalimu wa zamu akamgeukia kwa jicho kali. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Lakini kweli, Arletha. Ukiifunga sasa, alama zako za mkopo, zile benki wanazokupimia, zinaweza kushuka kidogo. Pata nyumba kwanza. Kadi ifunge siku yoyote."

Arletha alimwelewa. Hata hivyo moyo wake ulielekea kufunga. Dhamana ile ingetengeneza ngazi za varanda, na pia hakupenda kukumbushwa ni kitu gani kilichomfanya aanzie chini namna ile.

Alikuwa na miaka ishirini na mbili alipokwenda kupanga chumba chake cha kwanza, akaambiwa ana deni la umeme la nyumba aliyoishi akiwa na miaka saba. Akadhani ni mzaha. Kumbe mama yake alipokatiwa umeme kwa kutolipa, aliurudisha kwa jina la binti yake. Mtaani kwao lilikuwa jambo la kawaida, mtoto ana jina jipya ambalo hakuna aliyelitumia. Baada ya umeme ikafuata simu, baada ya simu televisheni. Arletha alilia siku nzima, kisha akasamehe. Alijiambia kwamba taa zile ndizo alizosomea. Ni chini ya mwanga wa jina lake mwenyewe ndiko alikojifunza kusoma, ingawa hakuna aliyemwambia.

Basi Jumamosi ile ya Aprili alifungua friza, akasogeza mifuko, akalitoa lile jiwe la barafu ili apate nafasi. Akalitupia jicho. Ndani ya barafu, kama uso wa mtu chini ya maji, herufi zilikuwa zinamtazama: ARLETHA D. PRUITT.

Kadi ilikuwa chali.

Hapo ndipo mlio wa Februari ulipomrudia, kwaa.

"Mama."

"Naam, mwanangu." Bi Mozelle alikuwa mezani, anachambua maharage, mabaya upande huu, mazuri kwenye bakuli.

"Umeiyeyusha hii?"

"Umeme ulikatika siku ya ule upepo. Hukumbuki?"

"Umeme ukikatika kadi haijigeuzi, Mama."

Bi Mozelle aliendelea kuchambua. Sasa alikuwa anatupa na mazuri.

"Ni kaka yako Dewitt," akasema. "Gari lake lilivutwa, likafungiwa yadi hadi lilipiwe. Bila gari angefukuzwa kazi, na wewe unajua ilivyomchukua kuipata. Nikawasomea watu wa yadi namba za kadi kwenye simu. Nilisema pensheni ikiingia ninarudisha."

"Umerudisha?"

"Naanza mwezi ujao."

Arletha alifungua akaunti kwenye simu yake. Hakuwa ameitazama tangu Krismasi, alikuwa ameiamini barafu. Kadi ilikuwa imejaa hadi ukingoni, na kile kidogo kilichojilipa kila mwezi kilikuwa kama kuchota maji ya mafuriko kwa kijiko. Miadi ya afisa ilikuwa wiki ijayo. Angezitazama alama zake zilizoanguka, angekunja uso kwa heshima, angemwambia arudi mwakani.

Angeweza kupiga kelele. Alistahili. Badala yake lilimtoka swali lililokuwa limekaa ndani yake kwa miaka mingi, na hata yeye alishangaa kulisikia.

"Mimi nilikuwa na miaka saba. Dewitt alikuwa na tisa, yeye ndiye mkubwa. Kwa nini umeme hukuuandika kwa jina lake?"

Bi Mozelle akafuta mikono kwenye aproni. Hakuwa na hasira wala aibu. Alijibu kama mtu anayeeleza alikoweka chumvi.

"Yule mvulana. Nilijua akiwa mkubwa atahitaji jina safi. Nilikuwa namtunzia."

Friza ilikuwa wazi bado, inanguruma.

"Na langu?"

"Wewe ulikuwa na akili, Arletha. Tangu mdogo. Nilijua utajua la kufanya."

Sifa hiyo alikuwa ameisikia tangu utotoni, mbele ya wageni, mbele ya mchungaji, na kila mara ilimpasha moto kifuani. Arletha ana akili. Arletha hana taabu. Leo ndipo alipoona ilivyoshonwa kwa ndani.

Akaliweka lile jiwe la barafu kwenye sinki, akafungua maji ya moto. Kwaa! Wote wawili waliusikia. Bi Mozelle akashtuka, na harage likamponyoka.

Arletha aliikausha kadi kwa kitambaa cha mikono, akaigeuza, akapiga namba iliyoandikwa nyuma. Kijana mwenye sauti ya upole akapokea. Arletha akasema ana kadi ya zamani ya dhamana na anataka kuifunga leo hii. Kijana akamuuliza kama ana hakika. Akamwambia dhamana italipa lile deni, kisha atatumiwa kilichobaki.

Arletha akaitazama kadi kati ya vidole vyake. Umeme uliandikwa na mama. Simu, televisheni, vyote viliandikwa na mama. Hiki kilikuwa kitu cha kwanza duniani chenye jina lake alichokianzisha kwa mkono wake mwenyewe. Akikifunga, hata hiki kitakuwa kimeondoka na gari la Dewitt.

"Subiri," akasema. "Akaunti usiifunge. Deni nitalilipa mwenyewe kwenye akiba. Ua namba hizi tu."

"Sawa kabisa, mama. Tutakutumia kadi mpya. Alama zitapanda tena ukilipa, ni suala la miezi michache."

Ngazi za varanda zikamtoka akilini. Nyumba nayo ikasogea mbali kidogo, lakini aliweza kuiona bado.

Nyuma yake Bi Mozelle alikuwa ameinuka. Akamimina chai, akatia sukari, akatia barafu, akaiweka glasi karibu na kiwiko cha binti yake, kama alivyofanya kila Jumamosi ya maisha yao. "Kunywa, mwanangu," akasema. "Utaumwa kichwa."

"Kadi tuitume nyumbani?" akauliza kijana. "Anwani ni ileile?"

Arletha akageukia ukuta. Akaufunika mdomo wake na simu kwa kiganja, na sauti ikamtoka ndogo, kama ya mtu anayenong'ona kanisani.

"Hapana," akasema. "Si nyumbani."