Mkoma Niliopewa Kando ya Turkwel

Shule niliiacha darasa la tatu, na leo nina maduka mawili Kakuma na moja Lodwar, yote nimeyasimamisha kwa mikono hii. Lakini kazi ya kwanza niliyoijua ni kugema tembo. Kwetu Kilifi babu aligema, baba aligema, na mimi nikiwa kijana nilikuwa nimekwisha panda minazi ishirini kabla ya chai ya asubuhi. Siongezi chumvi.

Lodwar nilifika miaka ya sabini, utingo wa lori la mahindi. Lori likaharibika, nikateremka mtoni kuoga. Nilipoiona mikoma, ndugu wa minazi, nilicheka peke yangu. Nchi nzima ni jua na mawe, halafu kando ya Turkwel imesimama mikoma ya kijani, kila mmoja umegawanyika vichwa vinne, sita, na hakuna ua wala nyumba. Nikajua Mungu ameniwekea shamba. Kwenye lori sikurudi tena.

Wiki haijaisha nilikuwa nimekata vichwa vitano na kufunga vibuyu. Tembo la mkoma ni jepesi kuliko la mnazi, linateleza kooni. Makarani na walimu wa kutoka bara walikiri hawajapata kunywa kitu kama kile.

Asubuhi moja nikamkuta mama mzee, shanga zimemfika kidevuni, amekaa chini ya mti niliokuwa nagema. Tukasalimiana, ejok, ejok. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini kilitosha.

"Nani alikupa hii miti?"

"Ya Mungu hii, mama."

"Mungu alinipa mimi. Wewe alikupa nini?"

"Kisu."

Akacheka mpaka shanga zikatikisika. Kisha akanieleza. Ukingo wote wa mto umegawanywa, kila ukoo na kipande chake, wanakiita ekwar. Mpaka huenda ukawa korongo kavu tu, au mgunga uliopinda, na kila Mturkana anaujua. Tena mkoma si mnazi. Mnazi unagema karara la maua, mti unabaki. Mkoma ukikatwa kichwa, kichwa hicho kimekufa, hakizai koma tena. Na koma ndizo zilizowalisha wajukuu wake kiangazi. Wanawe walitaka nifukuzwe Lodwar siku ile ile. Yeye alitaka kuniona kwanza.

Nikakaa chini mbele yake. Nilimwambia ukweli: baba amekufa, minazi yetu imeuzwa, sina pa kurudi.

Akainuka, akaniambia nimfuate. Tulitembea ekwar yake yote mpaka jua likawa utosini. Akanionyesha mkoma alioukuta alipoolewa, na mwingine ambao kivulini mwake alijifungua mtoto wa kwanza. Kila mti aliugusa kama unavyogusa bega la mtu wa nyumbani. Mwishoni tukafika kwenye mkoma mrefu uliokwisha acha kuzaa.

"Huu mzee kama mimi," akasema. "Kata kichwa kimoja, ngoja mwaka, kata kingine. Na kibuyu cha kwanza changu."

Nikamwuliza, na wanao je?

"Nitawaambia wewe mtoto wangu. Mtoto mjinga, lakini anajua kupanda."

Kesho yake wanawe watatu walikuja wakasimama chini ya mkoma ule, mikono kifuani, wakingoja nianguke. Nilipanda polepole makusudi, ili waone vizuri.